Sufuria Ndogo ya Kapita

Mie nilisoma mpaka mwaka ya pili ya primere, tena ile ya pili sikuimaliza, juu mwalimu alikimbia mbele yangu. Kwa hiyo kama maneno yangu inatembea hapa kama mbuzi mwenye kukata kamba, muiachie tu. Itarudi.

Nataka kusema juu ya mama moja mwenye alitutawala mu jikoni. Jina yake iko, na ninaijua, lakini mu ile jikoni hakuna mutu aliitumia. Tulimuita Kapita. Zamani kapita alikuwa mutu wa kusimamia kazi mu mashamba ya Wazungu, mwanaume mwenye fimbo. Huyu wetu alikuwa mwanamuke, mufupi, mwenye mabega ya mutu wa kubeba, na fimbo yake ilikuwa mwiko ya muti, refu kama mukono yangu. Wazazi wake nani, alizaliwa mwaka gani, musiniulize. Nilimukuta akiwa tayari mukubwa, na tayari amekasirika.

Jikoni ilikuwa ya nyumba ya wageni ya masere, ni kusema wamama watawa, hapa Bunia. Sitasema ni masere gani, wasije wakaniletea maneno mu uzee yangu. Wageni walikuwa mapadri wa kupita, watu wa sesyoni za mafunzo, na Wazungu wenye waliogopa maji yetu. Siye tulikuwa nyuma, kwenye moshi. Dirisha ilikuwa moja, na chuma. Ukiinua kichwa toka ku kitunguu unaona chuma. Nyuma ya chuma, ukuta. Juu ya ukuta, vipande ya chupa. Na juu ya chupa, mbingu kidogo, ya kutosha kuanika leso. Kazi yangu ilikuwa kuni na maji. Waliniita Muzee wa Kuni, hata wakati sikukuwa muzee. Sasa jina imenifikia.

Kitu moja niiweke mbele, juu ndiyo inanifanya niandike. Kapita ndiye alitufundisha kula pamoja, siye wenye tulikuwa tunaogopana kama nyoka na kuku. Lakini yeye mwenyewe hakula na siye. Alikuwa na sufuria yake ndogo, ya kifuniko, yenye kufungwa na kipande ya kikwembe, ni kusema kitenge. Ndani ya ile sufuria alichemsha viazi yake, alisimama karibu nayo mpaka inaiva, na alikula peke yake, ameegemea ukuta. Miaka yote. Siye wote tulitamani kuona ile siku Kapita atakula ku sufuria yetu. Tulitamani sawa watu wanavyotamani mvua, bila kuisema sana.

Sasa, mutu hawezi kuelewa jikoni ya kwetu kama hajui woga ya sumu. Hata ku harusi, mugeni anafunguliwa chupa ya soda mbele ya macho yake. Ukimuletea chupa yenye imekwisha funguliwa, umemutukana, ao umemutisha, ni moja. Na mama mwenye kupika anaonja mbele ya watu, kusudi waone hajakufa. Njo desturi. Kapita aliigeuza ile desturi, miguu juu, kichwa chini.

Ni siku Neema alikuja. Neema alitoka mu watu wenye walikuwa wanapigana na watu wa Kapita kule Djugu. Makabila sitataja, kama weye ni wa Bunia unajua, na kama si wa Bunia haitakusaidia. Kapita alikimbia toka upande wa Bule, aliacha shamba ya maharagi. Neema alikimbia pia, aliacha nyumba yenye kuwaka, na kaka yake hakufika. Kilio ni moja, lakini kila mutu alilia na mugongo ku mwingine. Masere moja alimuleta Neema ku mulango ya jikoni, akasimama pale kama mutu mwenye kuleta moto mu depo ya petroli.

Masika alininong'oneza: "Muzee, ule hatafika midi ya saa sita. Kapita atamufukuza na ile mwiko."

Masika alikuwa mama wa Butembo, mwenye kujua bei ya kila kitu, mu-Adventisti wa kweli. Na kando yake alikuwa Salumu, mukata nyama, Muislamu, mutu wa maneno mengi na kisu nzuri. Siye wanne, na Kapita, njo jikoni yote.

Kapita alimuangalia Neema toka chini mpaka juu. Akamuuliza masere: "Iko na mikono?"

"Iko nayo."

"Basi aingie. Sombe ni majani ya muhogo tu, haimuulize mwenye kutwanga ametoka kilima gani."

Akamupatia maharagi apike, ile ya sufuria ya wafanyakazi. Saa ya midi ikafika, maharagi ikateremuka, na hakuna mutu alinyoosha sahani. Neema akachukua mwiko, aonje mbele yetu, vile desturi inasema. Kapita akamushika mukono.

"Hapana. Mwenye amepika kuonja, hiyo si kitu. Yeye anajua kwenye aliweka mukono. Hapa kwangu, aonje mwenye iko na woga. Masika!"

"Mie? Kwa nini mie?"

"Juu weye ndiye unatetemeka."

Masika akanyoosha kiganja, sawa mupishi anavyoonja, Neema akamudondoshea kidogo. Akalamba, akafunga macho kama mutu mwenye kungojea sindano. Salumu akamuuliza polepole: "Mama Masika, ukikufa, viatu yako nimupatie nani?"

Tulicheka mpaka Masika alipalia. Alipopata pumzi akasema: "Maharagi ni nzuri."

"Usiniletee nzuri," Kapita akamuambia. "Nzuri ni neno ya mugeni. Mugeni anakula, anasema nzuri, anaenda. Mutu wa nyumba anasema kitu yenye inakosa. Inakosa nini?"

Masika akalamba tena. "Chumvi imepungua."

"Aa. Sasa umekula."

Toka ile siku ikawa sheria. Mwenye kupika haonji. Kapita anaita mutu, na anaita mwenye iko na sababu ya kuogopa. Na ule mutu hana ruhusa ya kusema nzuri. Salumu alikuwa akisema nyanya imelia kidogo, ni kusema maji imezidi. Mie nilisema kila siku moshi imezidi, mpaka Kapita akaniambia kama moshi imezidi ni kuni zangu, basi nijilalamikie mwenyewe. Polepole woga ikawa muchezo, na muchezo ikawa njaa. Hata masere walikuwa wanapita ku mulango saa ya midi, wanasikiliza vile tunagombana juu ya chumvi.

Ni nafasi ya kusema juu ya nguruwe. Wazungu walipenda nguruwe, mapadri pia. Salumu hagusi, dini yake inakataza. Masika hagusi, dini yake inakataza pia. Wale wawili walikuwa hawapatani ku kitu yoyote, hata ku saa, lakini siku ya nguruwe walikuwa ndugu. Walikaa pamoja ku benchi, wameziba pua, wananiangalia nikizungusha nyama ku moto ya inje.

"Wakatoliki," Masika alisema, "mutakula hata mulango ya kanisa."

"Wakipata pilipili," Salumu akamuitikia.

Kapita alifanya kila nyama ya sufuria yetu ichinjwe na Salumu, hata kuku moja. Masika alinung'unika mwanzo, juu yeye hakutaka kula kitu yenye kusaliwa sala ya wengine. Kapita akamuambia: "Kuku ilikufa na jina ya Mungu mu masikio. Weye, utakufa na nini mu masikio? Bei ya vitunguu?" Akala.

Hata siku za kupumzika Mungu alitupangia vizuri. Siku ya Ijumaa Salumu alienda ku musikiti, Masika akakata nyama, vibaya. Siku ya Sabato Masika hakuja, Salumu akapika sombe, vibaya zaidi. Siku ya Mungu siye Wakatoliki tulienda misa ya asubui, na wale wawili walishika jikoni, wakagombana mpaka tulisikia toka kanisani, juu kanisa iko karibu. Na sala ya kula ilizunguka sawa mwiko. Salumu alisali mufupi. Masika alizunguka Afrika yote, alipita ku wagonjwa, ku wajane, ku wakubwa wa serikali, na bugali inalala. Neema aliimba. Kapita sala yake ilikuwa moja tu, sikuisikia ikibadilika:

"Mungu, siye iko hapa. Na weye iko hapa. Mulango imefungwa. Watu wakule."

Angalia: watu wakule. Hakusema tukule. Mie nilichelewa kusikia ile. Salumu alisikia mbele.

Siku ya kutwanga sombe njo ilikuwa siku ya furaha. Kinu moja, mitwangio tatu, Neema, Masika na Kapita mwenyewe, moja inapanda, moja inashuka, moja katikati, na hakuna hata moja inagonga ingine. Kwa ile kazi mutu anapashwa kumuamini mwenzake, ao atapoteza meno. Kapita alicheka kama kuku mwenye kutaga, alipiga kiuno, yeye mwenye hakuwa na kiuno. Ungemuona, ungesema ni mwanamuke huru kuliko wote mu Bunia.

Na alikuwa amefungwa kama mafuta mu chupa.

Alilala mu chumba kidogo nyuma ya depo. Ku barabara hakutoka. Mu jikoni alikuwa jenerali, lakini ukimupeleka ku barieri ya inje, pale sentinele, mulinzi wa geti, anakaa, mikono yake ilianza kutafuta kitu ya kushika. Ku soko alimutuma Masika. Na Masika akirudi, kabla ya kuweka kikapu chini, ilikuwa maulizo ile ile, juu ya njia ya kwao:

"Njia ya Iga Barrière?"

"Wanasema watu wanapita."

"Nani anasema?"

"Watu wa mabasi."

"Mutu wa basi atasema nini ingine? Na mbele? Upande wa Bule?"

"Ya Bule sikusikia, Kapita."

"Basi haipiti."

Alikuwa na chupa ya mbegu, maharagi ya shamba yake, yenye alibeba siku ya kukimbia, mu nguo ya ndani. Mbegu ikikaa sana inaliwa na vidudu ao inakufa. Kwa hiyo kila musimu aliniita nipige jembe ku kipande ya udongo chini ya ukuta, kwenye jua inapita kidogo tu. Alipanda, akavuna kiganja moja ao mbili, akarudisha mu chupa. Hakupika hata moja. Nikamuuliza ni ya nini.

"Mbegu isisahau kazi," akasema. "Siku njia itafunguka, sitaenda kuanza kuifundisha."

Siku ingine alisimama ku dirisha, mikono ku chuma, akasema: "Muzee wa Kuni, Bunia ni sufuria yenye kifuniko. Siye iko ndani, tunaiva. Sijui nani atatukula." Halafu akageuka akamupigia Salumu kelele juu ya mifupa. Njo vile alikuwa. Huzuni yake haikukaa hata muda ya chai kuchemka.

Nirudi ku sufuria ndogo. Siku moja Kapita alikuwa anawahubiria Masika na Neema, wenye waligombana juu ya bidoni ya maji. Akasema neno yake yenye alipenda: "Mungu hana sufuria mbili! Ile moja ndiyo watu wote wanakula."

Salumu alikuwa ananoa kisu. Hakuinua kichwa. "Ni kweli, Kapita. Mungu hana sufuria mbili. Ni weye unazo."

Kapita aliangalia ile sufuria ndogo ku jiwe yake, na kikwembe yake, kama mutu anaiona mara ya kwanza. Akatoka inje. Tulifikiri atamufukuza Salumu kazi. Akarudi, akamuletea kipande ya sabuni yenye masere walimupatia, akaiweka kando ya kisu yake. Na saa ya midi alikula viazi yake ku ukuta.

Halafu ikakuja zile siku za risasi. Sitazieleza sana. Kila mutu wa hapa iko na zake, na zote zinafanana. Ilianza asubui, upande wa pembeni ya muji, na barabara ikabaki tupu kama imefagiliwa. Wageni walikuwa wamekwisha kuenda. Masere walifunga geti, wakasema hakuna mutu atatoka. Salumu alikuwa anapiga telefone nyumbani, inaita, haijibiwe; Masika alikuwa anasali mu kiswahili na mu kinande, luga ya kwao, sijui Mungu alichagua gani. Tulilala mu jikoni, ku magunia, siye wote.

Chakula ilikuwa, kidogo. Kuni ndiyo iliisha. Mie nilimuambia: "Kapita, ya kubaki haitapita siku nyingi."

Alihesabu vipande na macho. "Moto moja," akasema. "Sufuria moja. Mara moja ku siku."

Ni yeye alisema ile. Siye wote tuliangalia ile sufuria ndogo. Alikuwa amejikatia moto yeye mwenyewe, na alijua.

Siku ya kwanza alikunywa maji na sukari. Siku iliyofuata, maji tu. Alisimamia ugawaji, aliita mutu wa kuonja, alikemea mwenye kusema nzuri, na alikaa ku ukuta. Midomo ikawa nyeupe. Masika akamuomba, akakataa. Salumu akamuomba, Salumu mwenyewe, na sauti yenye sikumujua nayo: "Kapita, nilisema maneno mbaya ile siku. Kula, ukinikasirikia kula na hasira."

"Haiko hasira, mutoto wangu."

Ilikuwa siku ya Neema ku moto. Alipika uji ya mahindi, laini. Akatia mu kikombe, akaenda kupiga magoti mbele ya Kapita, sawa mutoto mbele ya mama mukwe. Kapita akapokea kikombe na mikono mbili. Akaileta ku midomo. Tuliona inaingia. Halafu shingo yake ikashituka, na uji ikarudi, ikateremuka ku kidevu. Akajaribu tena. Ikarudi. Jasho ilikuwa inamutiririka kama mwenye malaria.

"Mdomo inakubali," akasema. "Koo inakataa."

Njo akatueleza. Dada yake mukubwa alienda ku kilio, matanga ya jirani, akakula pale na watu. Ile jirani ilikuwa mu watu wa Neema, na zamani ile walikuwa wanasaidiana kupalilia. Dada akarudi, akashikwa na tumbo, hakuona siku ya pili. Watu wakasema sumu. Mie nilisikia ile nikawaza, ile wakati kipindupindu ilikuwa inatembea pia mu vijiji, na ilikuwa inaua watu wa kabila zote bila kuchagua. Nikaisema, juu mdomo yangu haina geti.

"Nilishaiwaza ile, Muzee," Kapita akanijibu. "Labda kipindupindu. Labda sumu. Sijui. Njo shida yenyewe. Kama ningejua ni sumu, ningechukia mutu moja nipumzike. Kama ningejua ni ugonjwa, ningekula nipumzike. Ninawaambia nyinyi muonje na woga, juu ninajua woga inafanya nini ku mutu. Sikutaka mufungwe mu chumba yenye nimefungwa."

Neema alikuwa angali ku magoti. Nilifikiri atalia, ao ataondoka. Alichukua kile kikombe, akapanguza Kapita kidevu na kikwembe yake mwenyewe.

"Mama," akasema, na ni mara ya kwanza alimuita vile, "mie sikukasirikie. Nitakupikia mpaka koo yako ichoke."

Asubui ya kufuata risasi zilikuwa zimenyamaza, geti ikafunguliwa nusu, mie nikatoka kutafuta kuni. Ya kwanza niliyoileta ilienda chini ya sufuria ndogo. Alikula viazi mbili, akabaki muzima.

Neema alishika neno yake. Kila midi, kabla ya kugawa, alitoa sahani moja, akaifunika, akaiweka mbele ya Kapita. Kila midi Kapita alisema "Aksanti, mwanangu," akaiacha ipoe kidogo kwa heshima, halafu akaniambia: "Muzee, pelekea sentinele." Sentinele alinenepa mpaka mukaba haikutosha. Masere walimuuliza kama anaiba mu depo. Kila siku, sahani. Kila siku, sentinele. Masika alisema ni kupoteza mafuta. Neema alisema mafuta ya Mungu.

Sasa ile yote imepita. Salumu alienda Kisangani kwa watoto wake. Masere walileta jiko ya gazi, na gazi haina haja ya mutu wa kuni. Magoti yangu yenyewe yaliomba konje, ruhusa ya kupumzika. Kapita alibaki nyuma yangu, mpaka macho ikaingia ukungu na mikono ikaanza kutetemeka, akamwaga mafuta ya moto, na Mungu alisaidia haikumumwagikia mutu. Masere walimushukuru, ni kusema walimusimamisha kazi. Ku Bule hakuna njia. Masika akamuchukua kwake hapa mutaa ya Bigo, mu kajumba nyuma ya nyumba yake.

Nilienda kumuona juzi, na kipande ya makayabo mu gazeti, ile samaki ya chumvi yenye alipenda. Kajumba yenyewe iko na dirisha moja. Na mbele ya dirisha, kuko nini? Ukuta. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Alikuwa amekaa ku kitanda, amekuwa mudogo kama kitu yenye kufuliwa na maji moto. Macho inaangalia kwenye haiko kitu.

"Nani?"

"Mutu wa moshi."

"Muzee wa Kuni!" Akacheka ile kicheko ya kuku. "Njia ya Iga Barrière?"

"Wanasema watu wanapita."

"Nani anasema?"

"Watu wa mabasi."

"Bado wanadanganya tu." Akatafuta na mukono chini ya muto, akatoa chupa ya mbegu, akaitikisa ku sikio yake. Ilikuwa nusu. "Masika haiko na mahali pa kupanda. Hapa ni simenti tupu."

Masika hakuwa pale. Alikuwa amesafiri Butembo ku kilio ya shangazi, na njia ikafungwa nyuma yake. Yeye ndiye alikuwa anamuchemshia viazi mu ile sufuria ndogo, Kapita mwenyewe amekaa kando; toka aliondoka, Kapita alikuwa anaishi na mikate na ndizi yenye kumenya yeye mwenyewe. Sufuria ndogo ilikuwa ku kona, na kikwembe yake, tupu. Mikono haikuweza tena kusimamia moto. Nikawaza, huyu mama atakufa hapa, mu kati ya muji yenye soko, juu ya koo.

Njo nikasikia inje mutu anaweka mbabula, ile jiko ya kubeba, chini, makala inalia. Harufu ya sombe na mafuta ya ngazi, ni kusema mawese, ikaingia. Nikaangalia ku mulango. Neema. Mvi imemuingia, na mwili. Alikuwa anatoka mutaa ya Lumumba, kwa miguu, na kila kitu ku kichwa, mbabula na sufuria. Akanisalimia na macho tu, akapokea makayabo yangu, akaitia mu sufuria. Nikaelewa ni siku nyingi anakuja vile, na siku nyingi sahani inaenda kwa watoto wa jirani.

Kapita akainua pua. "Nani anapika?"

Nilitaka kusema ni Masika, amerudi. Neno ilikuwa tayari ku ulimi. Kipofu hangejua, angekula, angepona. Niliona ni uongo yenye Mungu mwenyewe angeisukuma. Neema akatikisa kichwa, kwa nguvu.

"Ni mie, Mama. Neema."

Makala ililia. Ku nyumba ya pili redio ilikuwa inaimba.

"Sombe?"

"Sombe, Mama. Iko tayari kuteremuka."

"Nani ataonja?"

Nikasimama. "Mie niko hapa, Kapita. Nitaonja."

"Weye unaogopa nini, Muzee? Weye ulikula mpaka nguruwe." Akanyoosha kiganja. "Hapa kwangu, aonje mwenye iko na woga."

Neema akachukua mwiko. Akapuliza, akapuliza tena, akamudondoshea kidogo mu kiganja, majani na mafuta nyekundu. Kapita akakaa nayo. Akainusa. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, nikasikia: mulango imefungwa. Akalamba. Nikaangalia shingo. Ikashituka. Neema akafunga macho. Shingo ikashituka tena, na mishipa ikatoka, na Kapita akashika kitanda na mukono mwingine kama mutu wa kuzaa.

Ikashuka.

Alikaa vile, mdomo wazi kidogo, anasikiliza tumbo yake.

"Chumvi imepungua," akasema.

Neema alijibu na machozi, lakini alijibu: "Haikupungua, Mama! Makayabo ya Muzee iko ndani. Chumvi inatosha kabisa!"

"Mie ninakuambia imepungua. Ni nani Kapita hapa?"

Neema akatia chumvi. Akageuza. Mie nilichovya kidole: sasa ilikuwa imezidi, kweli imezidi. Nikalamba kidole.

"Leta sahani," Kapita akasema. "Na sentinele asiiguse."